Noti Ikiinuliwa Juani

Juzi, kando ya River Road, maafisa wa Benki Kuu walisimamisha hema kutueleza kwamba bei zimetulia na shilingi yetu ni ya kuaminika. Mmoja wao alipochoka kuhubiri, alitoka kununua chai kwa mama wa mandazi pale kando. Mama aliipokea noti, akaiinua juani, akaikwaruza kwa ukucha.

“Mama, hiyo pesa ni sisi tunatoa,” afisa akacheka.

“Najua, boss. Ndio maana naiangalia mara mbili.”

Akamrudishia chenji. Afisa akageuka kuangalia kama wenzake hemani wanamwona, kisha naye akaiinua noti ya chenji juani, polepole.

Hapo ndipo nilipoielewa hotuba yake.