Kanisa lilikataza sinema, mama akamwona baba humo: kisa cha nyumbani kwetu Njombe enzi za Mwingereza

Kamwene wakuu. Kwa msio watu wa Njombe, hiyo ni salamu yetu Wabena, ipokeeni.

Mimi ni mwanamke, mwalimu mstaafu, nimeshavuka themanini. Humu ndani huwa nasoma tu, comment zangu ni za kuhesabu.

Ila wiki hii kuna kijana kauliza kama ni dhambi kufuatilia ibada kwenye simu, na mmebishana mpaka mmeanza kutukanana. Wengine mnasema simu ni mlango wa shetani. Wengine mnasema kanisa limeachwa nyuma, lifungwe tu.

Nikakumbuka jambo la nyumbani kwetu. Nitalieleza nilivyoliona. Pale ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki, sitaziba pengo kwa maneno ya kutunga.

Ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Mtwango, katikati ya Njombe na Makambako. Walutheri toka enzi za babu, wakulima wa ulezi, maharage na viazi.

Baba yangu aliitwa Zakaria. Alikwenda Tanga kukata mkonge.

Siku hizo wanaume wa kwetu waliondoka kwa makundi. Malori yaliwapakia Makambako, wakaitwa manamba. Mkataba ukiisha mtu anarudi na blanketi, sufuria na Kiswahili kipya cha pwani.

Baba hakurudi. Wenzake walisema ameongeza mkataba. Wakaja wengine wakasema hawajamwona. Halafu watu wakaacha kabisa kumtaja mbele yetu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Alipoondoka mimi nilikuwa wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo sura yake sikuijua. Picha hatukuwa nayo. Nikimuuliza mama baba anafananaje, ananiambia, "Kama baba mkubwa wako. Ila yeye anacheka."

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa mzee wa kanisa. Mtu mrefu, mkavu, kofia haimtoki kichwani mpaka aingie kanisani. Ndiye aliyetulimia shamba baba alipopotea, na ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya usharika kutangaza yaliyokatazwa.

Moja ya yaliyokatazwa ni sinema.

Serikali ilikuwa na gari linalozunguka kuonyesha picha bure. Waliowahi kuziona mijini walisema humo watu wanabusiana hadharani na kupigana bastola. Wazee wakakaa, wakaamua: Mkristo atakayekwenda sinema hatakaribia Meza ya Bwana kupokea mkate na divai.

(Baba mkubwa mwenyewe alikuwa na baiskeli. Alipoinunua, wazee waliomtangulia walisema Mkristo hapandi chuma kama mwehu. Hilo nililisikia nikiwa mkubwa, nikacheka sana.)

Sasa twende Makambako.

Mimi na mama tulikwenda kuuza maharage, tukafikia kwa mama mdogo aliyeolewa pale. Mchana ule gari la sinema likapita na kipaza sauti: jioni kuna picha uwanjani, wote mnakaribishwa, mtaona kilimo cha matuta, mtaona na wenzenu wanavyofanya kazi ya mkonge huko Tanga.

Mama alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama.

Mama mdogo akasema, "Dada, twende."

"Mimi ni mtu wa Meza ya Bwana," mama akajibu.

Akarudia maharage yake. Ila jua lilipozama mama akajitanda kitenge, akanishika mkono. "Nitasimama nyuma," akasema, kama anayejadiliana na mtu ambaye sikumwona.

Makambako mnaijua kwa upepo. Shuka jeupe lilifungwa kwenye nguzo mbili, upepo unalivimbisha kama tanga, na watu waliomo kwenye picha wananenepa na kukonda. Tulicheka. Hata mama alicheka.

Kisha ikaja ya mkonge. Yule bwana wa sinema, mtu wa pwani mwenye sauti nzuri, alikuwa anaeleza kwenye kipaza sauti huku picha zinapita.

Mimi niliona visogo vya watu tu. Nilichokijua ni mkono wa mama kuniachia, halafu sauti yake.

"Zakaria!"

Watu wakageuka.

"Zakaria wee!"

Mtu mmoja akacheka, "Mama, huyo hasikii."

Mama alishaanza kupenya katikati ya watu kwenda kwenye shuka. Alipofika mbele, baba hayupo tena. Pale alipokuwa kuna mashine inasokota kamba.

Picha zilipokwisha, mama alimfuata yule bwana akiwa anakunja nyaya.

"Baba, irudishe. Yule mtu ni mume wangu."

"Siwezi mama, leo nimefunga. Keshokutwa naionyesha Njombe."

"Hiyo picha ilipigwa lini?"

"Sijui. Mimi naletewa ndani ya mkebe, naonyesha."

"Ni mzima?"

Yule bwana aliacha nyaya. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo mpaka leo. Angeweza kudanganya kwa huruma, hakudanganya.

"Siku inapigwa alikuwa mzima, mama."

Asubuhi mama mdogo akajaribu kumzuia. Makambako ulisimama gizani, akamwambia, lakini Njombe kila mtu anakujua, na Jumapili ni Meza.

Mama alikuwa anafunga mzigo. Akasema maneno ambayo nimeishi nayo maisha yangu yote.

"Nimemwomba Mungu kila jioni anionyeshe Zakaria. Amenionyesha. Sasa nikatae kutazama kwa sababu amenionyesha kwa mashine?"

Tukaenda kwa miguu. Sehemu ya njia lori la magogo ya miwati lilitubeba, nyingine tulitembea kwenye ukungu. Tulipita njia panda ya nyumbani, moshi wa jikoni kwa bibi unaonekana, na mama hakugeuza shingo. Nililia. Nilidhani tunahama.

Kumbe watu wa sokoni walishafikisha habari kwa baba mkubwa: shemeji yako yuko kwenye sinema, na anaifuata Njombe. Kwa nini anaifuata, hakuna aliyemweleza.

Alitukuta uwanjani Njombe, watu wameanza kujaa. Alikuja na baiskeli, suruali imelowa umande na matope. Waliongea Kibena, ila nayaandika kwa Kiswahili. Eliza ndiye mimi.

"Mama Eliza, mchukue mtoto twende nyumbani."

"Nitakuja, shemeji. Baada ya hii."

"Utakosa Meza."

"Najua."

"Unajua na unakaa?"

"Nitakaa benchi la nyuma na wanaotengwa. Ila acha nimwone tena."

"Umwone nani?"

"Mdogo wako."

Baba mkubwa alimtazama mama usoni. Nadhani aliona akili yake imechoka. Hakumvuta mkono wala hakupaza sauti. Na kwa kuwa hakuweza kutuacha peke yetu pale, alisimama kando yetu ameshika baiskeli, akaligeuzia shuka mgongo. Mzee mzima, watu wote wanatazama huku, yeye anatazama kule kwenye miwati.

Picha ya matuta ikapita. Watu wakacheka, hakugeuka.

Mkonge ukaanza.

"Shemeji, geuka," mama akasema.

Akakaza mikono kwenye usukani wa baiskeli.

"Shemeji, nakuomba. Ndiye huyu anakuja."

Safari hii tulikuwa mbele, niliona kila kitu. Mstari wa watu wanakata majani ya mkonge. Mmoja anabeba mzigo begani, anageuka, anatutazama sisi moja kwa moja, na kama vile kuna mtu amemtania, anacheka. Anafuta jasho. Anainama. Basi.

Ni muda wa kusema Baba Yetu mpaka "ufalme wako uje," haizidi hapo.

Mimi nilimpungia mkono. Sikuwa mjinga, nilijua ni picha. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nikasikia kishindo. Baiskeli ilikuwa imeanguka. Baba mkubwa alikuwa amegeuka, kofia ameishika kifuani kama anavyofanya akiingia kanisani, na machozi yanamtoka.

"Mdogo wangu," alisema. "Mbona umekonda hivi."

Wakuu, nilikuwa sijawahi kuona mwanamume wa kwetu analia wazi. Mama hakulia. Alikuwa amekaa wima kabisa, kitenge amekikamata kwa mikono yote miwili, macho kwenye shuka, anasubiri kama watamrudisha.

Hawakumrudisha.

Jumamosi wazee wa kanisa walikaa. Mimi sikuwepo, haya nilihadithiwa na mama. Mmoja alisema jambo la Mama Eliza liko wazi, atengwe. Baba mkubwa akasimama akasema, "Nami nilitazama. Nilikwenda kumtoa, nikatazama, na gari likirudi nitatazama tena. Mkimweka nyuma, mniweke naye."

Wakamweka. Sheria waliiandika wenyewe, wafanyeje.

Jumapili ile mzee wa kanisa alikaa benchi la nyuma pembeni ya shemeji yake, mimi katikati yao. Watu walipokuwa wanapita kwenda kupiga magoti, hapo ndipo mama alipolia. Nilimuuliza kama anamlilia baba.

"Nalilia Meza," akasema. "Kwani mtu hawezi kutamani vyote viwili?"

Sikumwelewa. Nilimwelewa miaka mingi baadaye, nikiwa nimefiwa na mume wangu.

Waliporudishwa, ilikuwa Pasaka, hakuna aliyetangaza kwamba sheria imeondolewa. Ila haikusomwa tena. Na niliyoyaona uzeeni ni kwamba usharika uleule ulikuja kuonyesha filamu ya mateso ya Yesu kwenye ukuta wa kanisa, kwa mashine ya kanisa. Ningetamani baba mkubwa awepo aone.

Najua mnauliza, je, baba alirudi?

Baba mkubwa alituma maneno kwa kila aliyekuwa anakwenda mkonge. Mavuno mawili yakapita. Kisha akaja mtu wa Ilembula, amemaliza mkataba, akafika mpaka nyumbani. Alikalishwa, akapewa chakula, na alikula polepole sana. Mama akamwambia, "Sema tu baba, usiogope."

Akasema Zakaria yupo hai. Ameacha lile shamba la mkonge, amehamia upande wa Pangani. Ana mke huko, na mtoto, na mwingine yuko njiani. Alipoambiwa nyumbani wanamtafuta alishika kichwa, akasema, "Nitarudi na uso gani?"

Baba mkubwa alitoka nje. Bibi alianza kuomboleza kama msibani.

Mama aliuliza swali moja tu. "Anasali?"

Yule mtu akafikiri. "Kanisa la kwetu halipo pale alipo. Ila Jumapili nilimsikia akiimba nyimbo za kwetu. Kwa Kibena. Peke yake."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaondoa vyombo.

Toka siku hiyo sala yake ya jioni ilibadilika kidogo. Zamani alikuwa anasema, "Na Zakaria, popote alipo." Sasa akawa anasema, "Na Zakaria, na walio naye."

Sinema aliendelea kwenda. Kila gari lilipofika Makambako au Njombe alikuwepo, na hakuna mzee aliyemgusa. Picha zilikuwa zimebadilika, mara kahawa, mara afya ya mtoto. Ya mkonge haikuja tena. Alikuwa akirudi nyumbani, anaosha miguu, analala.

Hakuolewa tena. Alifariki mimi nikiwa mwalimu tayari, Uhuru umeshakuwa wa zamani. Siku za mwisho aliniambia, "Wale watoto wa Pangani ni wenu. Ukiweza, watafute. Waambie huku hakuna kinyongo."

Sikuweza. Nilikwenda Pangani mara moja, kipindi cha likizo, nikauliza kwa jina la baba. Nilizunguka mpaka nauli ikawa inatosha ya kurudia tu.

Sasa funzo, maana najua mnalisubiri.

Chombo hakina dini. Shuka lile lilimpa mama uso wa mume wake, na halikumpa mume. Meza ilikuwa na watu wa kupiga magoti pembeni yake, na ndiyo iliyomliza. Mwenye kusali kwa simu asali, nami hufanya hivyo miguu ikigoma. Ila kama kuna mtu anayeweza kukaa na wewe benchi la nyuma, usimwache kwa ajili ya kioo. Na ninyi wenye kukataza, kabla hamjafunga mlango, ulizeni mwenzenu anamtafuta nani humo.

Uwanja ni wenu, changieni, ila matusi pelekeni kwenye siasa.

Na kuna ombi, ndilo hasa lililoniandikisha haya yote.

Kama upo Pangani, Muheza, Tanga, popote huko, na babu yako alikuwa Zakaria, mrefu, Mbena aliyekuja na manamba na hakurudi kwao, mwenye kuimba Jumapili kwa lugha ambayo hamkuielewa, basi wewe ni mtoto wa ndugu yangu. Niandikie inbox. Sihitaji maelezo wala sitauliza ya zamani.

Nataka tu kukupigia video call, nikuone.