Mama alimuuguza mwanamke aliyemchukua baba

Wakuu, salaam. Mimi ni bibi yenu, nimevuka themanini, naandika kwa kidole kimoja. Siongezi chumvi.

Enzi za Mwingereza tuliishi nje kidogo ya Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Nilikuwa binti wa miaka kumi na mitano.

Baba alishatuacha. Alimfuata mwanamke mmoja Usinge, tumwite Tatu. Baadaye akamwacha na yeye, akaenda kukata mkonge Tanga.

Siku moja mchana Tatu akashuka kwenye gari moshi, akajikokota mpaka kwetu. Miguu imevimba, homa kali.

"Dada, sina pa kwenda," akasema.

Mama akatandika mkeka.

Wakuu, nilichukia! Miezi mitatu. Mama alikuwa anatoka shambani kachoka, anamwogesha, anamlisha uji wa mtama. Mimi nafua matambara yake huku nalia kwa hasira. Mgongo wangu ulikuwa haunyooki.

Halafu akaja mzee wa kanisa. Hata kukaa alikataa.

"Mama, huyu ni mzinzi. Amri ya Mungu unaijua. Watu wanasema unaifadhili dhambi."

Mama alikuwa amepiga magoti, anamkanda Tatu miguu. Hakuinua kichwa.

"Naijua, baba. Mimi ndiye niliyevunjiwa. Sasa nishikie huyu, nimgeuze. Nimechoka."

Nikadhani ataondoka. Badala yake akavua koti, akapiga magoti, akamshika Tatu mabega. Siku hiyo hakuhubiri tena. Ila Jumapili mkewe alituletea kuni.

(Wapo waliotucheka mpaka mwisho, nisiwadanganye.)

Tatu alipona. Akaondoka asubuhi, asante yenyewe aliisema akiangalia chini.

Nikamuuliza mama, "Kumbe ulimpenda?"

"Kumpenda? Siku nyingine nilishindwa hata kumtazama usoni. Lakini uji niliupika."

Nimekaa kanisani miaka mingi nikisikia upendo ukihubiriwa kama kitu kitamu. Niliouona mimi ulikuwa na jasho, na ulimchosha mama yangu. Nadhani huko ndiko kuitimiza sheria ya Mungu, hata moyo ukiwa bado una kidonda.

Nyie mliowahi kumhudumia aliyewaumiza, mliwezaje? Andikeni, wajukuu. Nasoma polepole, lakini nasoma.