Pikipiki ya Obiero

Wafugaji wa pembezoni mwa Ruiru walimwita Nzilani daktari, ingawa kazi yake ilikuwa moja tu: kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya sindano. Ng'ombe akiingia joto hangoji mtu. Ukichelewa, mfugaji anaita mwingine, na wewe hakuiti tena. Tangu pikipiki yake ya zamani ife injini wakati wa mvua, wateja walimponyoka mmoja baada ya mwingine. Watoto alikuwa ameshawapeleka kwa mama yake huko Matuu, maana hakuweza tena kuwalisha. Chumba chake cha Gatongora kilikuwa kimya hata redio aliogopa kuiwasha.

Ndiyo maana aliposikia kuna pikipiki ya matope inauzwa Kimbo, ile ndefu yenye tairi za meno, tena kwa bei ya kutupa, alienda mbio asije akatanguliwa.

Muuzaji aliitwa Githae. Alimpa funguo bila maneno mengi. "Jaribu, madam. Hii matope haiisumbui."

Kweli hayakuisumbua. Nzilani aliipandisha kilima chenye makorongo nyuma ya ploti, akashuka, akapanda tena, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akahisi kifua kimelegea. Aliporudi aliomba logbook, hati ya umiliki. Githae alitoa kopi iliyokunjika, yenye jina la Obiero.

"Huyu Obiero ni nani?"

"Ndiye aliniuzia. Saa hii ako Qatar. Wewe endesha tu, akirudi atakufanyia transfer."

Nzilani alijua pikipiki haihamii jina lako mpaka mwenyewe akubali. Akainama kwenye shingo ya fremu, akalinganisha namba ya chasisi na ile ya kopi. Zilikuwa sawa. Akafungua kiti aone betri. Chini yake palikuwa na stika ya gereji ya Thika, na namba ya simu.

"Ngoja niulize fundi wangu maneno ya oili," alimwambia Githae, akapiga.

Aliyeshika alijitaja kuwa Rama, fundi wa gereji hiyo. Nzilani akamweleza pikipiki ilivyo. Rama akamkatiza.

"Tangi imebonyea upande wa kushoto?"

"Eeh."

"Dada, usitaje jina langu hapo. Hiyo ni ya Obiero, mteja wangu. Walimvamia wakaichukua, wakamvunja mgongo. Mpaka leo hatembei."

Githae alikuwa anamtazama.

"Anasema oili ibadilishwe," Nzilani alisema, akifunga kiti. Akaaga kwamba anaenda benki.

Alifika barabarani akaketi juu ya jiwe. Akiinunua, huko kwenye mashamba ya kahawa nani angemuuliza karatasi? Watoto wangerudi kabla ya shule kufunguliwa. Wazo hilo halikumtoka upesi. Lilikuwa bado limemkalia pale Rama alipomtumia namba ya Akoth, mke wa Obiero. Nzilani aliiangalia namba hiyo, akazima simu, akaiwasha tena, akapiga.

Akoth hakulia. Aliuliza tu, "Iko wapi?" Kisha akasema, "Tafadhali usiiache ipotee. Polisi walituambia hawana pa kuanzia."

Walikutana kituoni. Maafisa wakaenda Kimbo wakarudi na Githae, na pikipiki nyuma ya lori. Nzilani aliandikisha taarifa simu yake ikiwa imezimwa, kama alivyoagizwa. Pikipiki ingebaki hapo kama ushahidi mpaka kesi iishe. Itaisha lini, hakuna aliyejua.

Alipowasha simu alikuta ujumbe kwamba mzee Karanja, mmoja wa wateja waliobaki, amempigia mara nyingi. Ng'ombe wake alikuwa ameingia joto. Nzilani alichukua mtungi wa mbegu nyumbani, akapata boda iliyokubali kumfikisha mwisho wa lami tu, kisha akakata matope kwa miguu, mtungi mgongoni.

Karanja alimpokea langoni. "Pole, mama. Nilikukosa, nikaita yule mwingine. Ametoka sasa hivi."

Alimletea chai. Nzilani aliinywa akiwa amesimama, magoti yakiuma. Ujumbe wa Akoth ukaingia: "Mzee wangu anakushukuru. Anauliza kama pikipiki bado inawaka vizuri."

Akajibu kwamba inawaka vizuri sana. Kisha akarudisha kikombe, akauinua mtungi, akaanza kurudi kwa miguu kwenye lami.