Siku Nilipokuwa Mwenye Gari Tatu

Chekeni sasa hivi, mapema, tumalizane, kwa sababu nikifika katikati sitaki mtu anikatize, na aibu yenyewe ni ya zamani, imeshapoa, lakini bado ni yangu na sina wa kumpa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado, na mimi nilikuwa na pikapu moja pale Morogoro mjini, napandisha chumvi na sukari Matombo, huko milimani, nashusha ndizi na mafenesi sokoni, na kila aliyeniuliza nilimwambia pikapu yangu ni nzima (ilikuwa nzima kwenye mteremko). Shemeji yangu Filipo, kaka wa mke wangu, alikuwa na lori la kubebea mchanga na mbao, na jirani yetu Bwana Saidi alikuwa na motokaa ya teksi, anasubiri abiria pale stesheni ya treni. Sote watatu tulikuwa na ugonjwa mmoja: bima. Bila karatasi ya bima kwenye kioo askari anakushusha njiani mbele ya abiria wako, kwa hiyo kila mwaka tulilipa, na kila mwaka tulikaa barazani kwangu kulalamika.

Wakala wa bima alikuwa Mgoa mmoja, Mhindi Mkristo, Bwana Dimelo, mtu mpole, mwenye miwani, tunasali naye kanisa moja. Siku niliyokwenda kulipa akaniambia, bila nia mbaya yoyote, "Bwana Tomasi, shida yako ni kuwa na gari moja. Mtu mwenye gari tatu kampuni inampunguzia kwa kila gari. Lakini sharti ziwe zake."

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Nikarudi barazani, nikawaeleza wenzangu kwamba tukiandikisha gari zote tatu kwa jina langu, kila mmoja atalipa nafuu, na gari itabaki ya mwenyewe kama kawaida, jina ni maandishi tu. Bwana Saidi akauliza, "Na mtu akiuliza?" Nikamwambia nani atauliza? Filipo, mtu wa maneno machache, akasema mradi mchanga wake unafika. Mke wangu, Mama Agnesi, alikuwa anachambua mchele pembeni, akasema, "Baba Agnesi, hilo jambo litazaa," nami nikamjibu kwamba mambo ya gari ayaache kwa wenye gari.

Tukaandikisha. Bwana Dimelo alifurahi kuliko sisi, akanipa mkono, akaniita tajiri, na tangu siku hiyo kila Jumapili baada ya misa aliniuliza habari za gari zangu, nami nikawa namjibu, "Lori linahitaji matairi," "Teksi inakwenda vizuri," mpaka nikaanza kuzionea uchungu kweli. Sokoni wakasikia. Wachuuzi wa Matombo wakasikia. Habari ilipanda mlima haraka kuliko pikapu yangu ilivyowahi kupanda, ikafika kwa mjomba wangu, Mzee Petri.

Nyie mnaotoka kwingine inabidi niwaeleze. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye kauli juu yangu si baba yangu, ni mjomba, kaka wa mama, na kile ninachopata mimi, watoto wa dada yangu wanakitazama kama mtu anavyotazama chungu kilicho jikoni kwao. Mimi hayo niliyajua tangu nanyonya. Nilipokuwa nahesabu nafuu ya bima sikuyakumbuka hata kidogo.

Basi Pius, mtoto wa dada yangu, akapata mchumba, harusi ikapangwa Matombo, na mimi kama mjomba wa bwana harusi nikaambiwa nilete wageni wa mjini. Nikaazima lori la Filipo na teksi ya Saidi (nikaazima, sikilizeni neno hilo, gari zangu mwenyewe) na wenyewe wakaja wakiendesha. Ingekomea hapo ningesalimika. Lakini Jumapili moja kabla ya harusi Bwana Dimelo akaniambia hajawahi kufika Matombo, na mimi, nimeshazoea kuitwa tajiri, nikamwalika.

Akaja na kimotokaa chake kipya cha rangi ya maziwa, ambacho alikuwa anakipangusa kwa leso yake mwenyewe kila tulipovuka kijito. Nyumba ya mjomba iko kwenye mteremko. Filipo akaliegesha lori juu, akaweka mawe chini ya magurudumu, maana breki ya mkono ya lori lile ilikuwa ya kuonyesha askari tu. Bwana Dimelo akaegesha chini, kivulini, chini ya mfenesi. Tukaenda misheni, ndoa ikafungwa vizuri, tukarudi kula.

Watu walikuwa wengi, wali umepakuliwa, pombe ya mtama inazunguka, ndipo Mjomba Petri akasimama na fimbo yake. Akasema sisi watu wa ukoo huu hatuna maneno mengi, halafu akayasema mpaka wali ukapoa. Kisha akanigeukia.

"Mtoto wetu Tomasi, Mungu amemjalia. Ana pikapu, ana teksi, ana lori. Gari tatu! Jamani, mtu mmoja ana makalio mangapi? Mali ya ukoo hailali. Leo, mbele yenu wote, lori lile ni la Pius, mtoto wa dada yake. Tomasi, simama uwaambie."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika Morogoro. Dada yangu alikuja kunikumbatia analia. Pius aliruka kama mtu aliyekanyaga siafu, akamshika mkono mkewe, wakatoka mbio pamoja na vijana kwenda kuliona lori lao. Nikamtazama Filipo, ana mfupa wa mbuzi mkononi, hatafuni. Nikamtazama Bwana Dimelo, anapiga makofi.

"Hongera, Bwana Tomasi!" akaniambia. "Ila Jumatatu mje ofisini tubadilishe jina."

Nikikana, Dimelo anajua nimemdanganya, na bima ya watu watatu inakufa palepale. Nikikubali, shemeji yangu anarudi mjini bila lori, na watoto wake wanakula kwa lori lile. Niliogopa, nasema kweli. Nikasimama, na kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua nikasema, "Mjomba ameshasema."

Watu wakapiga makofi tena. Filipo akaweka mfupa chini.

"Shemeji, umesema nini?"

"Tutaongea nyumbani, shemeji."

"Nyumbani kwa nani? Lori langu lile!"

Bwana Dimelo akaacha kupiga makofi, mikono ikabaki imekutana. Na mimi, katika akili zote ambazo Mungu aliwahi kunipa, nikachagua ile mbovu kuliko zote, nikacheka, nikawaambia watu, "Msameheni shemeji yangu, jua kali, na pombe hii ya mtama imekolea."

Sasa, Matombo nzima wanajua Filipo hanywi. Hanywi kabisa, tangu alipopata kipaimara, na mbele yake palikuwa na kata ya maji. Akina mama wakaguna. Halafu kutoka upande wao akasimama mmoja, akajifunga kanga kiunoni, na nilipoitambua kanga yenyewe, ni ya mke wangu, nikajua nimekwisha.

"Baba Agnesi, umemwita kaka yangu mlevi?"

"Mama Agnesi, hebu kaa..."

"Sikai. Shikamoo mjomba, nisamehe, lakini huyu mwanao ana gari moja, pikapu, na hiyo asubuhi hii tumeisukuma na magauni yetu ya harusi. Lori ni la kaka yangu. Ile nyingine ni ya Bwana Saidi. Zote waliziandika kwa jina lake ili bima iwe rahisi. Basi!"

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Najua hawakuacha upesi. Mzee mmoja alicheka mpaka akaomba ashikwe. Bwana Dimelo yeye hakucheka, alivua miwani, akaipangusa kwa ile leso, akaivaa tena, akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Kumbe Pius huko nje hakusikia hata neno. Yeye ameshampandisha bibi harusi kwenye lori, amekaa penye usukani (gari hajui), na amewaambia vijana wayatoe yale mawe ili amzungushe mkewe kidogo. Wakayatoa. Lori halikuunguruma, halikupiga honi, lilianza tu kurudi nyuma taratibu kama mzee anayetafuta mahali pa kukaa, bibi harusi anapungia watu mkono anadhani ndivyo inavyoendeshwa, na likaenda likakaa juu ya kimotokaa cha rangi ya maziwa, likakibana na mfenesi. Fenesi moja likaanguka juu ya kilichobaki.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Lori lenyewe lilikwaruzika kidogo tu.

Watu wote tukatoka. Bwana Dimelo akakizunguka kimotokaa chake mara moja, hakupandisha sauti, akauliza, "Lori hili ni la nani?"

Filipo, ambaye muda mfupi tu uliopita alikuwa anataka kulifia, akatazama mlimani. "La shemeji. Si limeandikwa jina lake?"

Nikamgeukia mjomba. Mzee Petri akaegemea fimbo yake akasema, "La Tomasi. Sisi ukoo tulikuwa tunaongea tu."

Pius akachungulia dirishani. "La Mjomba Tomasi."

Bwana Saidi hakuna aliyemuuliza, lakini akasema yeye ni mwalikwa.

Nikabaki na mke wangu. Nilimtazama kwa unyonge wote niliokuwa nao, ninamwomba kwa macho aliseme lile alilolisema mbele ya watu wote, kwamba si langu, na hakuna siku nimetamani kuwa mtu wa gari moja kama siku ile. Mama Agnesi akaifungua kanga kiunoni, akajitanda vizuri.

"Sasa ni lako, Baba Agnesi," akasema.

Bwana Dimelo akanieleza palepale, kwa upole uleule wa ofisini, kwamba kampuni hulipa kwa mwenye gari aliyesema kweli, na mimi sikusema kweli, kwa hiyo kampuni haitalipa. Lakini kwenye kadi mwenye lori ni mimi, kwa hiyo nitalipa mimi.

Nililipa. Pikapu ilikwenda huko, na haikutosha, nikaongezea mbuzi. Filipo na Saidi wakarudisha gari zao kwa majina yao na kila mmoja akakata bima yake kwa bei yake, na ndizi zangu zikawa zinashuka kutoka Matombo ndani ya lori la shemeji, mimi nimekaa juu ya mikungu, nalipa nauli kamili, maana Filipo alisema punguzo ndilo lililotufikisha pale. Mama Agnesi alinuna mpaka mahindi yakavunwa. Tangu hapo sijawahi kukiita changu kitu ambacho si changu, hata mwavuli, na kitu kikipunguzwa bei huwa nauliza kwanza ni nani mwingine anayejua.

Krismasi iliyofuata nilikwenda misa kwa baiskeli, mke wangu amekaa nyuma, na mlangoni nikakutana na Bwana Dimelo. Akanipa mkono, akaitazama baiskeli kwa muda, akaniuliza, "Na hii, Bwana Tomasi, ni yako?"

Nikageuka kumtazama Mama Agnesi kabla sijajibu.