Ndugu Aliyeninyima Nyumba

Kibao cha kutangaza nyumba kilikuwa bado kinaning'inia langoni siku msimamizi wa ploti ile ya nyumba za kupangisha aliponiambia kwamba nyumba imeshachukuliwa. Nilikitazama kibao, nikamtazama yeye, naye akatazama viatu vyake.

"Imechukuliwa na nani?"

"Mimi natumwa tu, mwalimu. Mzee amesema hapana."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na walimu wenzangu wanalijua zaidi. Lakini siku hiyo hasira ilikuja imechanganyika na aibu, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia mama kwamba tunahama.

Mama alikuwa ameanguka shambani kwetu Kola, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitalini nilimleta kwangu mjini Machakos, katika nyumba ya orofa ya tatu niliyoipanga enzi za ujana, nilipoona ngazi ni mazoezi ya bure. Vijana wa jirani walimpandisha kwa kiti, na tangu siku hiyo hakushuka ila kwenda kwa daktari, kwa kiti kilekile. Daktari alisema atembee kila siku. Atembee wapi? Alitoka kitandani hadi dirishani, akashika nondo, akatazama watu wakipita. Mwanamke aliyezoea kuwatangulia kuku kuamka sasa alikuwa akiniuliza kama mvua imelowesha udongo au imepita juu juu tu. Nilimwona akififia mbele ya macho yangu, na niliogopa kwamba atanifia kule juu bila kukanyaga ardhi tena.

Ndiyo maana nyumba ile niliipenda hata kabla ya kuingia ndani. Ilikuwa ya chini, mlango unafungukia uani, ngazi hata moja hakuna, na kanisa liko ng'ambo ya barabara. Mwenye ploti alikuja mwenyewe Jumamosi kuniona, mzee mpole aliyevaa koti la suti juani. Aliniuliza kazi yangu, akaniuliza kanisa langu, kisha akauliza swali ambalo Mkamba wa rika lake hawezi kulala bila kuuliza: mbai yenu ni gani? Mbai ni ukoo. Niliutaja wetu kifua mbele. Mzee alicheka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Aiya! Kumbe wewe ni dada yangu!"

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Nani angemnyima dada yake nyumba? Mama aliposikia, alianza kukunja nguo zake, akazipanga ndani ya kiondo.

Kisha likaja lile "hapana". Nilitafuta sababu hadi nikachoka. Labda mzee hataki mwanamke asiye na mume. Labda amesikia habari za mama, akaogopa mgonjwa. Labda kuna mtu shuleni amenisema vibaya. Nilimshuku hata naibu wa mwalimu mkuu, maskini, ambaye hatukuwa na ugomvi naye wowote ila ule wa ratiba. Mama alizitoa nguo zake kwenye kiondo moja moja, akazirudisha mahali pake. Hapo ndipo mori uliponipanda. Kunyimwa ningeweza kukubali, lakini nilitaka kuelezwa.

Nilimwandama yule msimamizi hadi akanielekeza nyumbani kwa mzee, upande wa Katelembo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumapili, nikiwa bado na nguo za kanisani, nilibisha mlango.

Mkewe alinipokea, mama mcheshi mwenye sauti kubwa, akanimiminia chai ya maziwa kabla hata ya kuniuliza shida yangu. Mzee alitoka chumbani, akaniona, akataka kurudi alikotoka.

"Mzee, sikukuja kubembeleza nyumba," nikamwambia. "Nimekuja kuuliza kosa langu."

Akakaa. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Mwalimu, wewe huna kosa. Wewe ni dada. Hiyo ndio shida."

Ndipo akanieleza. Kabla yangu, nyumba ileile alikuwa amempa kijana wa mbai yetu. Kijana alikaa, akazoea, kodi akaiacha. Mzee alivumilia, akavumilia, mwisho akatia kufuli mlangoni. Haikupita muda akaitwa kwenye kikao cha ukoo. Wazee walimuuliza yeye ni mtu wa namna gani, kumfungia nje mtoto wa ndugu yake, wakamtoza mbuzi. Mbuzi alichinjwa papo hapo, na yule kijana alikuwa miongoni mwa walaji.

"Alikula figo!" mzee alisema, na uchungu wake ulikuwa bado mbichi. "Mimi nikaapa. Mgeni nitampatia nyumba, hata kama ametoka Mombasa. Lakini mtu wa mbai yangu, hapana. Siku tukikosana na wewe nitafanya nini? Dada yangu siwezi kumfungia mlango."

Nilicheka bila kutaka. Kikulacho ki nguoni mwako! Nilikuwa nimemshuku kila mtu Machakos nzima, kumbe aliyeniponza ni babu yangu aliyenipa ukoo. Lakini nilimkumbuka mama pale dirishani, kicheko kikanikauka. Nikamgeukia mkewe.

"Na wewe, mama, ulizaliwa mbai gani?"

Akautaja ukoo mwingine kabisa.

"Basi nipangishe wewe."

"Huyu nilimuoa," mzee akadakia. "Yeye pia ni wa mbai yangu."

Mkewe aliitua birika mezani kwa kishindo.

"Ati mimi ni wa mbai yenu? Siku ya hiyo mbuzi nani aliniita nikae kwa kikao? Si mlinituma maji? Nilipika, nikapakua, nikaosha sufuria, na hakuna mtu aliniuliza nafikiria nini." Akanielekezea kidole. "Mwalimu, nyumba nitakupatia mimi. Kodi utaniletea mimi. Na ukikosa, mimi nitaweka kufuli kwa hiyo mlango, halafu mbai yenu wakuje hapa wanitoze mbuzi, tuone!"

"Nikikosa weka kufuli mbili," nikamjibu.

Alinipiga begani, akacheka mpaka leso ikamteleza kichwani. "Umesikia wifi yangu?" akamwambia mumewe.

Mzee alitutazama kwa zamu. Nilimwona mabega yakimlegea, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akainua mikono juu. "Mimi sijui kitu. Mimi hapa nakunywa chai tu. Hayo ni maneno yenu wanawake." Na kweli akajimiminia chai.

Nilirudi mjini nikiimba njia nzima wimbo tulioimba kanisani asubuhi ile, kwa sauti, bila haya. Nilijisikia mtu mkubwa. Nimepata alama nzuri maishani mwangu, nimepandishwa cheo hata, lakini hakuna ushindi ulionikaa mwilini kama ule.

Tulihama mwisho wa mwezi. Mama alishushwa kwa kiti mara ya mwisho, na jirani zetu walipanga foleni kwenye ngazi wakimpigia makofi, naye akiwapungia mkono. Siku za kwanza alitoka kwa fimbo hadi mlangoni tu. Kisha hadi kamba ya kuanikia nguo. Kisha akafika langoni, akasimama akiwasalimu wapita njia hata wasiomjua.

Jioni moja nilirudi kutoka shuleni, nikamwita mama kwa Kikamba kama kawaida, "Mwaitu!" Kimya. Nikaita tena. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kiti chake kilikuwa kitupu, na fimbo haikuwepo. Nikakimbilia mlangoni. Jirani akapaza sauti kutoka uani, "Mwalimu, usisumbuke! Mamako ameenda sokoni. Anasema hizo kunde unanunuanga zimezeeka."

Niliketi kwenye kiti chake, ndani ya nyumba isiyo na mtu, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Mama alikuwa ametoka, wala hakuniaga.