Kidole cha Kuazima

Siku Kimya, msukuma machela, alipomtia machoni Sista Vidole kwa mara ya kwanza, muuguzi huyo alikuwa amepiga magoti kwenye korido, anashika vidole vya miguu vya mzee mmoja. Hata jina hakuwa amemwuliza. Ndivyo alivyomwanza kila mgonjwa kwa miaka tisa waliyofanya kazi pamoja, na ndiyo sababu wenzake wakampachika jina hilo.

Kisha ikaletwa mashine ya mapokezi. Mgonjwa anabanwa kibanio kidoleni, mashine inapima, inatoa utepe wa mkononi. Mwenye utepe mwekundu anaingia kwa daktari papo hapo. Wa kijani anasubiri. Kuukata utepe bila kibali kulikuwa marufuku.

Ila kidole cha baridi mashine haikukisoma, na foleni ikawa inakwama. Karani wa mapokezi akajipatia dawa yake.

"Kimya, hebu niazime kidole."

Kimya alikuwa mtu wa haya, neno hapana halimtoki. Akatoa kidole, kama siku nyingine zote. Asubuhi ile alikuwa amemleta fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, anayehema kwa shida. Utepe ukatoka kijani.

Sista Vidole akapita kwenye benchi, akainama, akashika miguu ya yule mama.

"Nani kampa huyu kijani? Miguu barafu!"

"Mashine, Sista," karani akajibu. "Au siku hizi unabishana na kompyuta?"

"Kompyuta yako imeshaosha maiti? Mimi nimeosha."

Akatoa mkasi mfukoni. Mkono ukasita. Macho ya yule mama yalikuwa yanafumba.

Kimya akamsogelea Sista. "Kidole ni changu," akanong'ona.

"Paza sauti, baba!"

"Kilichopimwa ni kidole changu! Chake hakikusomeka!"

Mkasi ukalia. Machela ikaondoka mbio, Kimya nyuma, Sista mbele akipiga kelele watu wapishe. Walimfikisha kwa daktari angali anahema, na alipona.

Kwenye kikao cha nidhamu Kimya aliyarudia maneno yake, safari hii bila kuambiwa apaze sauti. Karani akapewa onyo. Sista Vidole akahamishwa: kanuni ni kanuni, wakasema, angeomba kibali kwanza.

Kimya alimbebea begi hadi getini. Sista akalipokea begi, akamtazama.

"Kidole chako usimwazime mtu tena. Na kuanzia kesho, Kimya, miguu uishike wewe."