Mgombea Asiyeahidi Barabara

"Mama Jovin, hivi mtu anayegombea bila kuahidi kitu anataka tumchague kwa lipi?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu Mwamvua, tukichambua mchicha barazani kwake. Siku ile Tomasi alikuwa ametangaza kwamba atagombea tena uenyekiti wa kijiji chetu, huku upande wa Masanze. Nilimwambia, "Mwenzangu, mimi namjua tangu alipomwoa Elizabeti. Kila alichosema atafanya, amekifanya."

Mwamvua akacheka. "Si kwa sababu anasema kidogo?"

Ni kweli anasema kidogo. Tomasi, au Baba Agness kama tunavyomwita, alizaliwa Munisagara, pale treni inapopita. Ukoo wao ni wa Vidunda milimani, lakini baba yake alishuka akapata kazi ya kutunza njia ya reli. Kila asubuhi mzee yule alitembea na nyundo yake ndefu, akigonga na kukaza. Tomasi alikua akimfuata nyuma. Mpaka leo ukimuuliza habari ya siasa atakuambia, "Baba yangu hakujenga reli. Aliikuta. Kazi yake ilikuwa treni isianguke." Vijana wanaona hiyo si sera. Wanamwita Mzee Ngoja Kwanza, naye anaitika.

Siyo kwamba anachukia mambo mapya. Simu ya kupangusa anayo, na Agness amemsomesha mpaka chuo cha ualimu wakati wenzake walikuwa wanauliza mtoto wa kike anasomea nini. Lakini pampu ya maji ikifa, yeye hataki kusikia habari ya kisima kipya mpaka aambiwe ya zamani imekufa kwa nini. Mchango ukitangazwa, anauliza ule wa mwaka jana ulijenga nini. Alipokuwa mwenyekiti wa kitongoji chetu, darasa lililoachwa kwenye renta, bila paa, miaka mingi lilipata bati, kwa sababu alikataa tuanze jingine. Hilo halikuimbwa na mtu, ila watoto hawanyeshewi.

Mara ya kwanza alipogombea kijiji alishindwa. Nakumbuka alivyovuka uwanja wa shule kwenda kumpa mkono aliyemshinda, wapambe wake mwenyewe wakisonya. Elizabeti alimuuliza, "Umekwenda kumpa mkono wa nini?" Akasema, "Ndiye mwenyekiti wangu. Nikimkataa leo, siku nikishinda nani atanikubali?" Miaka mitano yote alihudhuria mikutano ya yule bwana na kulipa michango yake. Bwana yule alipopumzika uongozi, chama kikamrudisha Tomasi.

Safari hii mpinzani wake alikuwa Bonifas, mnunuzi wa mahindi, mtu mchangamfu mwenye pikipiki na sauti nzuri. Siwezi kusema ni mtu mbaya, Mungu anisamehe nikisema hivyo. Watu walimpenda. Naye aliligusa jambo lililokuwa linatuuma wote, yaani ng'ombe.

Kwetu huku wenyeji tunalima, na ndugu zetu waliotoka kanda ya ziwa wanafuga na kulima. Mahindi yakishavunwa, ng'ombe huruhusiwa kuingia mashambani kula mabua, nasi tunapata samadi. Ni desturi tuliyoikuta. Lakini kila mwaka palikuwa na ugomvi, na mwaka juzi watu walishikiana mapanga, Mungu akaepusha. Bonifas akasema wazi: akishinda, ndani ya mwezi mmoja ng'ombe wote wataondoka na njia yao ya kwenda mtoni Mkondoa itafungwa na kulimwa. Watu walipiga makofi. Wafugaji wakaanza kuulizana wahamie wapi. Tangu hapo kila mtu alielewa uchaguzi ule unaamua nini: kama familia zile zitabaki nasi au zitafukuzwa.

Tomasi alisema njia ya ng'ombe ibaki pale ilipo. Basi. Wakulima wenzake wakaanza kumpita bila salamu.

Sasa mwezi wa nane, mambo yakaingia nyumbani kwake. Mhoja, mfugaji jirani yao, alikuwa amekwenda mnadani Mikumi. Mkewe Limi, ambaye hakuwa na muda mrefu tangu afike kutoka Maswa, akatoa ng'ombe mwenyewe. Akaona shamba la Elizabeti mahindi yamevunwa, mabua yamelala, akawaingiza. Lakini sisi tunachanganya mahindi na mbaazi, na mbaazi hukomaa baadaye. Zilikuwa zimesimama na vitumba vyake, naye akazidhani ni vichaka tu. Ng'ombe walizila zote, wakabakiza mashina.

Jioni ile uwanja wa Tomasi ulijaa watu wa chama chake. Mmoja akasema, "Baba Agness, kamata ng'ombe. Wakulima wote watakurudia." Mwingine akasema, "Hapana, msamehe Mhoja hadharani. Wafugaji wote kura zao ni zako." Wakabishana pale kama vile Tomasi hayupo.

Aliwaacha wamalize, akasema, "Mbaazi ni za Elizabeti. Amelima yeye. Mimi siwezi kuomba kura kwa mbaazi za mwenzangu."

"Kwa hiyo utafanya nini?"

"Kinachofanywa siku zote. Bwana shamba apime, wazee wa usuluhishi wakae, wahusika wote wawepo."

"Umejimaliza, mzee," mmoja akamwambia, akachukua kofia yake akaondoka.

Wazee walikaa chini ya bati la ofisi ya kijiji, na watu walifika kama wanakwenda sokoni, kwa kuwa kila mmoja alitaka kuona Tomasi ataelemea wapi. Aliketi kwenye benchi la nyuma. Elizabeti alisimama akasema, "Mume wangu ni mgombea. Mimi siyo. Nataka mbaazi zangu." Watu wakaangua kicheko, hata Bonifas aliyekuwa amesimama mlangoni.

Limi alipiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Sikujua, mama. Kwetu mahindi yakishatoka, shamba ni la ng'ombe."

"Naamini hukujua," Elizabeti akasema. "Na mimi ningekuja kwenu ningekosea vilevile. Lakini mbaazi nazitaka."

Mhoja hakubisha. Alikubali kulipa mbaazi kwa mbaazi, na wiki haikwisha aliteremsha magunia kutoka soko la Mikumi mlangoni kwa Elizabeti. Wengine wangeishia hapo. Lakini siku ileile, Mhoja alipokwisha kukubali, Tomasi akainua mkono kuomba kusema.

Akasema, "Kosa la huyu dada litalipwa. Sasa tuliangalie la kwetu. Mgeni atajuaje shamba lenye mbaazi bado na lisilo nazo? Zamani baba mkwe wangu alichomeka mti pembeni mwa shamba, juu yake akafunga fundo la nyasi. Maana yake, humu bado. Wafugaji wa wakati ule walikuwa wachache lakini waliliheshimu. Tuliacha lini, na kwa nini? Naomba turudishe. Mwenye mbaazi shambani afunge fundo upande wa njia ya ng'ombe. Ng'ombe akiingia penye fundo, mfugaji alipe bila maneno. Na mkulima asiyefunga, asije hapa kulia."

Mudi, kijana anayechaji simu pale senta, hakuvumilia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mudi."

"Mzee wetu, watu sasa hivi wanapima mashamba kwa setilaiti, wewe unatufungisha nyasi?"

Kicheko kikubwa. Tomasi naye akacheka. "Hiyo setilaiti ikishuka kuzuia ng'ombe, nitafungua nyasi zangu."

Wakulima wengi walinung'unika. Shamba ni langu, kwa nini nitangaze? Bonifas aliwaambia huo ni utani wa mtu aliyeishiwa. Lakini wazee walilipitisha, mkutano wa kijiji ukalikubali kwa shingo upande. Mhoja akawa anazunguka kwa wenzake nyumba kwa nyumba, akiwaeleza kwa lugha yao. Limi ndiye aliyewafundisha wanawake wenzake, na inasemekana aliwafundisha kwa ukali, maana hakutaka mwingine apige goti kama yeye.

Mwamvua alifunga fundo la kwanza kabisa. Nikamtania, "Kumbe umeshakubali sera?"

"Nimekubali nyasi," akasema. "Sera bado naiangalia."

Tukaingia mwezi wa tisa, tukaingia wa kumi. Asubuhi nikienda shamba nilikuwa naona ng'ombe wa Mhoja wanafika penye fundo, Limi anawapigia mluzi, wanageuka. Mbaazi zangu zilikauka mtini kwa amani. Tulizivuna, tukazipura, tukaziuza. Hakuna kesi hata moja iliyofika ofisini, wala hakuna aliyeshika panga. Nilimshukuru Mungu kwenye sala ya jumuiya, na nilitaja fundo la nyasi kwa jina, wenzangu wakacheka lakini wakaitikia amina.

Wiki ya kampeni, Bonifas alileta spika kubwa na vijana wa kucheza. Akaahidi trekta, uzio wa seng'enge na barabara ya lami mpaka mtoni. Tomasi alisimama kwenye stuli ya Elizabeti bila spika.

"Tuahidi barabara," kijana mmoja akampigia kelele.

"Barabara ya lami si ya mwenyekiti wa kijiji, mwanangu. Yangu ni mitaro. Nitaizibua kabla ya masika, na wewe nitakuita na jembe lako."

"Ng'ombe je?"

"Njia yao itabaki. Mbaazi zenu mwaka huu mmezipata?"

Mama mmoja akasema, "Tumezipata." Na mwingine, na mwingine. Tomasi akasubiri wamalize. Akasema, "Basi mimi sina la kuongeza. Kilichofanya kazi tukitunze. Kisichofanya tukirekebishe taratibu, sote tukiwa tumekaa. Na atakayeshinda kati yangu na Bonifas, tumtii." Akashuka. Hotuba nzima haikutosha kuchemsha chai.

Siku ya kura tulipanga foleni tangu alfajiri. Limi alikuja na mtoto mgongoni, akasimama nyuma ya Elizabeti, wakawa wanapokezana mtoto. Jioni matokeo yakaanza kuletwa shuleni, kitongoji kimoja kimoja. Sanduku la kwanza lilikuwa la nyumbani kwa Bonifas, naye akaongoza kwa mbali. Vijana wake wakaanza ngoma. Mmoja akanipita akasema, "Mama, mwambie Ngoja Kwanza aendelee kungoja." Nilishika rozari yangu mfukoni, na nikamwona Mhoja ameinamisha kichwa.

Likaja la pili, pengo likapungua. Likaja la tatu, la kwetu sisi wakulima wenyeji, wale waliompita bila salamu. Msimamizi alisoma polepole. Tomasi alikuwa amechukua kura nyingi kuliko ambavyo yeyote kati yetu aliwahi kufikiri. Sikusikia lililobaki, kwa maana vigelegele vilikwisha kuanza. La nne lilikuja kuhitimisha tu. Mwamvua alinishika mabega akanitikisa, "Mama Jovin, tumeshinda." Tumeshinda, alisema. Wakulima wakampa Mhoja mkono. Elizabeti alikaa chini kwenye mchanga akafunika uso kwa kanga, akicheka na kulia pamoja. Mimi niliimba mpaka sauti ikakauka, na sioni aibu. Familia zile zingelala kwao usiku ule, na kesho, na mwakani.

Bonifas alimpa Tomasi mkono mbele yetu sote, akaondoka kwa mguu, pikipiki akiisukuma. Vijana wa upande wetu wakachukua zile ngoma zilizoachwa. Mudi, ambaye sijui alihamia upande wetu lini, akawa mbele yao akipaza sauti kwamba tumpandishe mwenyekiti mabegani tuzunguke naye kijiji kizima, tuanzie kwa Bonifas tukamwimbie mlangoni.

Tomasi akainua mkono, ikabidi tunyamaze ili tumsikie.

"Nawaomba ngoma zisipite nyumbani kwa Bonifas. Watoto wake wamo ndani, na kesho nitamhitaji."